Bunduki Iliyozaliwa Utica

Hotuba kwa wawindaji wanaozungumza Kiswahili na familia zao, mjini Utica, jimbo la New York, kabla ya msimu wa kulungu

Waheshimiwa wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wawindaji na vijana mliofuatana na wazazi wenu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote habari za jioni.

Nilipoombwa kuzungumza nanyi kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, niliambiwa nieleze silaha za kuwindia kwa jumla. Nikaomba niruhusiwe kuzungumzia moja tu, nayo ni hii iliyolazwa mezani juu ya blanketi, wenzo wake ukiwa wazi ili kila mwenye macho aone kwamba ndani hamna kitu. Inaitwa Savage 99. Haijatengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na dukani leo mtaonyeshwa bunduki za kitako cha plastiki, nyepesi na za bei nafuu, ambazo zinaangusha kulungu vizuri tu, wala sijaja kuzitukana. Nimekuja kusema kwamba naipenda hii, kwamba mapenzi yangu yana sababu zinazoelezeka kwa fundi na kwa asiye fundi, na kwamba mtu akiinama asome maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu wake ataona jina la mji huu tunaoishi: Utica, N.Y.

Tumefika hapa kwa njia mbalimbali. Wamo kati yetu waliotoka Kivu wakapitia kambi za Kigoma, na wamo ndugu zetu Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi iliyo leo Tanzania, wakapelekwa Somalia. Mimi niliyezaliwa Handeni nikiwasikia wakizungumza Kizigua chao sokoni, moyo hunienda mbio kana kwamba niko kwetu. Wote tumeambiwa neno moja kuhusu mji huu, kwamba ni mji wa viwanda vilivyokufa. Ni kweli vimekufa. Lakini hatukuambiwa vilitengeneza nini, na mimi ninayekula kwa jasho la kukereza chuma naona ni vibaya mtu kukaa jirani na kaburi miaka yote asijue aliyelala humo ni nani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobole lililofuliwa na mhunzi wa kijijini. Alimimina baruti, akashindilia kwa ufito, akatia vipande vya chuma, akashindilia tena, na baada ya kazi yote hiyo alikuwa na nafasi moja tu. Akikosa, kanga wamekwisha kuruka. Akijeruhi, mnyama anaondoka na maumivu yake porini, na babu anabaki amechutama akishindilia upya huku akijua kwamba hatamwona tena. Mwindaji wa gobole hujifunza subira kuliko sisi sote, na babu alikuwa msubirifu kupita kiasi, lakini nilimwona zaidi ya mara moja akirudi nyumbani amenyamaza kwa sababu ya mnyama aliyekwenda kufa mahali asipopajua. Tangu hapo kila nikiishika bunduki ya kuwindia najiuliza kwanza inampa mtu nini baada ya mlio wa kwanza.

Wamarekani waliipata nafasi ya pili kwa wenzo. Kuanzia bunduki ya Henry ya mwaka 1860 na zile za Winchester zilizoifuata, mwindaji aliweza kuteremsha mpini ulio chini ya kifyatulio na kuupandisha tena, ganda tupu likatoka na risasi mpya ikaingia, bila kuishusha bunduki begani. Maarufu kuliko zote ni Winchester ya mwaka 1894, ambayo zimetengenezwa zaidi ya milioni 7, na nyingi bado zinawinda. Sasa sikilizeni tatizo lake, kwa maana bila kulielewa hili hamtaielewa bunduki iliyo mezani. Katika bunduki hizo risasi hulazwa ndani ya bomba refu lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kama abiria waliopanga foleni. Ncha ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha risasi iliyo mbele yake, na katikati ya kitako hicho ndipo ilipo fataki inayowasha baruti. Ncha ikiwa kali, na bunduki ikiruka begani kwa kishindo cha mlio, ile ncha inaweza kuipiga fataki ya mbele kama pini, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, mkononi mwa mwenyewe. Kwa hiyo risasi za bunduki za bomba zilibidi ziwe butu, na kitu butu, kama mnavyojua nyote mliowahi kurusha jiwe na mshale, hakiendi mbali kabla ya kupoteza mwendo na kuanza kuanguka.

Mtu aliyelitatua hilo kwa namna ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote hakuwa mhunzi wa silaha wala mwanajeshi. Arthur Savage alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1857. Alifuga ng'ombe Australia, akalima kahawa Jamaika, kisha akaja hapa Utica akawa msimamizi wa tramu za mji, zile zilizokuwa zikipita katika barabara hizihizi tunazoziendesha magari leo. Jina lake la ukoo, ambalo kwa Kiingereza lina maana mbaya, lisiwatishe. Ni jina tu la familia yake. Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba mtu wa kisiwani, aliyezaliwa mbali na viwanda vyote vikubwa, alikuja katika mji huu wa theluji na kubuni kitu ambacho mafundi wake walikitengeneza kwa nusu karne, nilikaa kimya kwa muda. Sikuwa nimewahi kuuona mji huu kama mahali ambapo mgeni angeweza kufanya jambo la namna hiyo.

Mwaka 1892 Savage alipeleka bunduki yake kwenye majaribio ya jeshi la Marekani, na jeshi likachagua nyingine, ya Wanorwe, iitwayo Krag-Jørgensen. Hakukata tamaa. Mwaka 1893 alipata hataza ya muundo ulioboreshwa, mwaka 1894 kampuni yake ikaanzishwa hapa Utica, na kwa kuwa haikuwa na kiwanda cha kutosha, bunduki zake za kwanza za mfano wa 1895 zilitengenezwa na Marlin huko New Haven, Connecticut. Mfano uliorekebishwa ulitoka mwaka 1899, na namba hiyo ndiyo iliyobaki, ikafupishwa baadaye kuwa 99 tu.

Sasa nitawaomba subira, kwa sababu nataka kueleza kilichomo ndani, na hapa sitapita haraka.

Badala ya bomba, Savage aliweka ndani ya kasha la mitambo, mbele kidogo ya kifyatulio, kigurudumu kidogo chenye mifereji pembeni, mfano wa kibiringo cha uzi kilichochongwa matuta. Kila risasi inalala katika mfereji wake, haigusani ncha kwa kitako na mwenzake, na springi inakizungusha kigurudumu ili kila ukipandisha wenzo kuna risasi nyingine imefika mlangoni inasubiri. Zinaingia tano, na ya sita ikikaa chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi hufyatuliwa. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kuwaza magazini ya kuzunguka, lakini yeye ndiye aliyeifanya iwe ya kila siku kwa mwindaji wa kawaida. Angalieni pia kwamba uzito wote wa risasi unakaa katikati ya mikono miwili. Bunduki ya bomba huwa nzito mbele ikijaa, na hubadilika kadiri risasi zinavyopungua, hivi kwamba mlio wa kwanza na wa nne ni kama wa bunduki mbili tofauti; hii hukaa vilevile mwanzo hadi mwisho.

Upande wa kushoto wa kasha, wazee watakaokuja karibu wataona dirisha dogo la duara. Ndani yake mnasomeka namba, nayo ni hesabu ya risasi zilizobaki katika kigurudumu. Fikirieni jambo hilo kwa muda. Mtu amelala kwenye theluji, vidole vimekufa ganzi, kulungu yuko mbele yake, na hahitaji kufungua chochote ili ajue amebakiwa na ngapi. Kuna alama nyingine ndogo juu, inayoonyesha kama mtambo umejikaza tayari kufyatua, nayo inaonekana kwa jicho na kuguswa kwa kidole gizani. Alama hiyo ilihitajika kwa sababu bunduki hii haina nyundo ya nje. Bunduki nyingi za wenzo za wakati ule zilikuwa na nyundo iliyojitokeza nyuma, ikinasa nguo na vijiti, na ilibidi uikaze au uilegeze kwa kidole gumba, kazi ambayo kwa mkono wenye baridi imewaponza wengi. Savage aliiondoa akaweka pini inayosukumwa na springi ndani ya komeo lenyewe, yaani kile kipande cha chuma kinachoteleza na kuifunga risasi chemba. Mgongo wa bunduki ukabaki laini kama mgongo wa samaki.

Na komeo lenyewe ndilo linalonifanya nivue kofia. Ukiteremsha wenzo, komeo linashuka kidogo kwa nyuma, kisha linateleza kurudi likiwa limelishika ganda tupu kwa ukucha, na ganda linatupwa kando, upande wa kulia, wala si juu kama katika Winchester ya zamani. Ukipandisha wenzo, komeo linaisukuma risasi mpya hadi chemba, na linapofika mwisho wa safari, sehemu yake ya nyuma inapanda na kuegemea ukuta mnene wa chuma ulio nyuma ya kasha. Nguvu yote ya mlipuko inapokelewa na ukuta huo. Kasha ni kipande kimoja cha chuma kilichochongwa ndani kwa ndani, kimefungwa juu na nyuma. Kwa kuwa juu pamefungwa na ganda linatokea kando, miaka mingi baadaye, darubini zilipokuwa kitu cha kawaida, zilikaa juu yake bila shida. Kwa kuwa ukuta ni mnene, ilivumilia risasi zenye nguvu ambazo hazikuwako siku inabuniwa.

Hapo ndipo ninaposema mtu huyu alijenga nyumba kubwa kuliko familia aliyokuwa nayo. Mwaka 1895 risasi za ncha kali hazikuwa bado za kawaida kwa wawindaji, na risasi yake ya kwanza, .303 Savage, ilikuwa na kichwa cha mviringo. (Wale waliotoka katika nchi zetu wakikumbuka bunduki za askari wa zamani wa Mwingereza, tafadhali wasichanganye: .303 Savage na .303 ya Kiingereza ni vitu viwili, na haviingiliani kabisa.) Kigurudumu hakikujali umbo la ncha. Kwa hiyo dunia ilipohamia kwenye ncha kali, bunduki hii ilikuwa tayari imesimama mlangoni ikisubiri.

Mwaka 1915 ilikuja risasi iitwayo .250-3000, iliyobuniwa na Charles Newton. Yeye mwenyewe alitaka kichwa kizito zaidi, lakini kampuni ilichagua kile cha gramu 5.6 ili iweze kutangaza mwendo wa futi 3,000 kwa sekunde, yaani mita 914, mwendo ambao hakuna risasi nyingine ya kuuzwa madukani Marekani iliyokuwa imeufikia. Uamuzi huo ulikuwa wa wauzaji, na nafikiri Newton alikuwa na haki. Mwaka 1920 ikafuata .300 Savage, ambayo ndiyo iliyo katika bunduki hii ya mezani: ganda fupi lenye bega kali, lililokusudiwa kumpa mwindaji karibu nguvu ileile ya .30-06 ya jeshi ndani ya kasha fupi. Jeshi la Marekani lilipotafuta risasi mpya baada ya vita kuu ya pili lilianza majaribio yake na ganda hilohilo, na mwisho wa majaribio hayo ndiyo 7.62 ya NATO, na ndugu yake wa kiraia .308, ambayo nayo ilipewa makao katika Savage 99. Mjukuu alirudi kuishi katika nyumba ya babu.

Waliibeba watu wengi, nami nitawataja wawili tu. Roy Chapman Andrews, wa jumba la makumbusho ya viumbe la mjini New York, aliyeongoza misafara ya jangwa la Gobi ambako mwaka 1923 yalipatikana mayai ya dinosaria, aliwinda nyama ya chakula cha watu wake kwa Savage ya .250-3000. Harry Caldwell, mmisionari wa Fujian, China, alipiga chui milia waliokuwa wakivamia vijiji kwa Savage ya risasi ndogo zaidi, .22 Hi-Power, ambayo kichwa chake ni gramu 4.5. Namheshimu Caldwell kwa moyo wake, lakini vijana wasithubutu kumwiga. Risasi ya ukubwa huo ni ya mnyama mdogo, na yeye kufanikiwa hakuifanyi kuwa sahihi.

Baadhi yenu mtaniuliza kuhusu ile bunduki ya wenzo iliyofika kwetu wenyewe, na ni haki kuuliza. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, akiwa ametoka kwenye urais wa Marekani, alikuwa na Winchester ya mfano wa 1895, ya risasi nzito ya .405, ambayo aliipenda sana kwa simba. Iliyobuniwa na John Browning, nayo ilikimbia tatizo lilelile la bomba, ila kwa kutumia kasha la risasi lililoning'inia chini ya bunduki. Ilifanya kazi, lakini kasha hilo linakaa palepale ambapo mkono unataka kuishika silaha unapotembea, na nyundo yake iko nje, na juu yake pako wazi. Nikiziweka mbili hizi pamoja sisiti hata kidogo. Ninachokumbuka zaidi kuhusu safari ile ni wabeba bunduki wake, Muhamed na Bakari, watu wa pwani wenye Kiswahili kama chetu, ambao walizibeba silaha hizo, wakazisafisha na kusimama nyuma ya mgeni wao simba anapokuja. Wapagazi walimpa Roosevelt jina la Bwana Tumbo. Sisi si wageni kabisa katika habari za bunduki za wenzo.

Kwa nini basi imekufa? Mimi ni fundi, na jibu langu ni la fundi. Chukueni kasha la 99 mkalitazame ndani kwa tochi. Kila pembe, kila njia ya komeo, kila ukingo ambao komeo linapanda na kuegemea, uliondolewa chuma kwa mashine moja baada ya nyingine, kisha mtu akakaa na tupa na msasa akihakikisha vipande vinakubaliana. Komeo linapanda likaegemea ukuta. Likikosea kidogo tu, ama halifungi ama linafunga kwa kulegea, na vyote viwili ni hatari. Hiyo ni kazi ya saa nyingi za watu wenye mikono iliyozoea, na watu hao wanataka mishahara, na mishahara inapanda. Mwaka 1946 kampuni ilihamisha kazi yake kutoka Utica kwenda Chicopee Falls, Massachusetts, na baadaye Westfield katika jimbo hilohilo. Mwaka 1958 ikatoa bunduki yake mpya ya komeo la kuvuta kwa mkono, mfano wa 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, ambayo mtutu wake unafungwa kwenye kasha kwa nati kubwa, hivyo nafasi ya kufunga risasi inapimwa na kukazwa upesi bila kusagasaga. Nimewahi kuifungua moja. Ni kazi ya akili nyingi, na nilimsifu aliyeiwaza, huku nikijua kwamba nimeshika mkononi kitu kilichomwondoa ninayempenda. Nyumba moja haikuweza kulisha wote wawili. Savage 99 ya milioni ilitengenezwa mwaka 1960, na baada ya hapo ilianza kupunguzwa: kizuizi cha usalama kikahamishwa kutoka kwenye wenzo kwenda juu ya shingo ya kitako, jambo zuri; kisha mwaka 1965 ukaja mfano wa 99C, wenye magazini ya kuchomoa, na penye magazini hiyo kigurudumu hakina kazi tena, wala lile dirisha. Kampuni ilifilisika mwaka 1988 ikajinusuru kwa kuegemea 110. Ya 99 ilirudishwa kwa muda mfupi, kisha ikazimika.

Hii ya kwangu nilinunua kwa mjane wa mtu niliyefanya naye kazi kwenye mashine jirani kwa miaka 11. Baba wa marehemu huyo ndiye aliyekuwa mwenye nayo kwanza, mfanyakazi wa kiwanda hichohicho kabla ya kuhama. Mama yule hakutaka kuiuza dukani. Aliniuliza swali moja tu, kama nitaiwindia au nitaitundika, nikamwambia nitaiwindia, akanitajia bei ambayo niliona haya kuilipa, nikaongeza.

Naomba niseme pia kasoro zake, kwa sababu anayependa kitu bila kujua kasoro zake atakuja kukichukia. Wenzo hauna nguvu ya kung'oa ganda lililonata chemba kama ilivyo kwa komeo la kuvuta. Kwa hiyo chemba isafishwe, na risasi zilizoongezwa baruti na watu majumbani zisiwekwe humu. Kifyatulio chake hakina ulaini wa bunduki za leo. Kitako kimefungwa kwa msumari mrefu wa hesi unaopita ndani yake, na ukilegea, kila mlio unaigonga mbao na mbao inapasuka pale nyuma ya shingo ya chuma. Anayekwenda kununua atazame hapo kwanza, kabla ya kuangalia mtutu. Anayetaka kujua umri wa silaha zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1949 atafute herufi ndogo iliyogongwa kwenye duara la wenzo, A ikiwa ya mwaka huo, B ya unaofuata, na kuendelea. Na anayenunua ya .303 Savage ajue mapema kwamba risasi zake ni za kutafuta kwa tabu.

Jambo moja linaniuma, na nitalisema kwa kifupi. Jirani yangu alirithi 99 ya kabla ya vita, safi, rangi yake ya buluu haijatoka, akampelekea fundi mmoja wa silaha, ambaye simtaji, amwekee darubini. Fundi yule alitoboa matundu manne juu ya kasha, mawili hayako sawa, akayaziba kwa lehemu, akatoboa mengine. Bunduki bado inafyatua. Lakini chuma kile kilikuwa kimechongwa na mtu aliyelala katika makaburi ya mji huu, na hakuna atakayekirudisha kama kilivyokuwa. Mwenye ya zamani isiyotobolewa aiache kama ilivyo, atumie kilengeo chake cha chuma. Katika misitu ya Adirondack iliyo hapo kaskazini yetu, kulungu mwenye mkia mweupe hukutana nawe kwa hatua 40 au 60, kati ya miti aina ya misonobari na birchi, na darubini mara nyingi inakuonyesha manyoya tu bila mnyama.

Mimi natumia mkono wa kushoto, na nilipoanza kuwinda huku nilipewa bunduki ya komeo la kulia, nikawa kila nikitaka risasi ya pili naishusha begani na kuvuka mkono juu kama mtu anayefunga lango. Siku ya kwanza na 99 nilisimama kwenye ukingo wa kinamasi alfajiri, dume akatoka. Nililenga kwa kilengeo, nikafyatua, nikajua hapohapo kuwa nimepiga nyuma kidogo. Mkono wangu ulikwisha kushuka na kupanda kabla sijaamua. Bunduki haikuondoka begani, jicho halikuondoka kwa mnyama, na mlio wa pili ulimlaza kabla hajafika kwenye vichaka. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa, nikamkumbuka babu amechutama na ufito wake.

Kwa wale wanaotoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwa vijana wote ambao hii itakuwa mara yao ya kwanza, mafunzo ya usalama ya jimbo hili ni lazima kabla ya leseni, na tangu mwaka 2021 kila anayewinda kulungu kwa bunduki lazima avae rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa. Ninazo kofia za ziada kwenye gari.

Sasa nawaomba wazee watangulie mezani. Nitamfungulia kila mmoja wenzo, naye atie kidole chemba ahakikishe mwenyewe kuwa ni tupu, hata kama wa kabla yake amekwisha kuhakikisha na hata kama dirisha linasema vingine. Mtutu utaelekea ukutani. Kisha funga wenzo polepole, usikilize pale komeo linapopanda na kuegemea. Ni mlio mdogo, na ukumbi ukinyamaza mtausikia nyote.